Wauzaji wa roketi za mfano Unguja, tundu moja la nini?

Assalaam alaykum wadau. Roketi zinazouzwa kwenye skuli zetu zikiwa zimeshatiwa altimita (kipima kimo) zinakula pesa za wazee bure. Bomba, yaani kiwiliwili cha roketi, lina tundu moja la hewa, tena chini tu ya pua, ile ncha ya mbele. Watoto wakipata namba za ajabu, muuzaji anasema altimita mbovu, nunueni nyengine. Uongo! Kibovu ni huo ufungaji wako.

Altimita hizi hupima mgandamizo wa hewa inayopita kwenye tundu, kisha hukokotoa kimo. Karibu na usawa wa bahari, kila mita 8 na nusu unazopanda, mgandamizo hushuka kama hektopaskali 1. Hewa inayovurugika pale pua inapoungana na bomba ikikosesha hektopaskali 2 tu, ushakosea mita 17. Basi toboeni matundu 3 au 4 ya ukubwa mmoja, yapishane sawasawa kuzunguka bomba, na yashuke kutoka kwenye kiungo cha pua angalau mara nne ya kipenyo cha bomba. Juu yake pasiwe na kitu kilichotokeza. Chemba (chumba cha altimita ndani ya bomba) ya kipenyo cha milimita 40 na urefu wa 100 inatosha matundu manne ya milimita 1. Yakiwa madogo mno, hewa ya ndani huchelewa kutoka, na parachuti inayofyatuliwa na altimita huchelewa nayo. Na kingo mzipige msasa, jamani! Nyuzi za kadibodi zinaning'inia hadi ndani ya tundu.

Kizibo kati ya chemba na mota (injini ya roketi) kipakwe gundi ya epoksi pande zote, hata pale waya unapopita. Gesi ya baruti ikipenya, mgandamizo huruka ghafla, rekodi ikaonyesha roketi iko chini ya ardhi, na masizi hukila kihisi cha mgandamizo. Kihisi chenyewe kifunikeni kwa sponji nyeusi inayopitisha hewa, maana baadhi ya vihisi jua likivipiga husoma ovyo.

Betri ya volti 9 kuibana kwa springi peke yake ni hatari: roketi ikichomoka, betri huisukuma springi, umeme ukakatika, altimita ikaanza upya angani. Ifungeni isicheze.

Na hizo namba za kimo za mashindano! Altimita nyingi huchukulia joto la hewa ni nyuzi 15 za Selsiasi usawa wa bahari. Hewa yetu ikiwa nyuzi 30, roketi iliyoandikiwa mita 200 imefika karibu 210. Nani anawaambia watoto?

Muuzaji yeyote aliyemo humu, weka picha ya matundu na kizibo chako kabla hujapokea shilingi ya skuli.