Mrejesho: vidole vya mama na diklofenaki

Wakuu, nimerudi. Niliuliza mbona mama yangu, yuko Jinja, anameza diklofenaki (dawa ya maumivu) mwaka wa pili na vidole bado vinapinda. Mlisema tumpeleke kwa daktari wa baridi yabisi, tukaenda Kampala.

Daktari alimshika mkono, akabonyeza kiungo kimoja kimoja, mama akiguna. Akatueleza: diklofenaki inazuia mwili kutengeneza prostaglandini, yaani kemikali zinazoleta maumivu na uvimbe, ndiyo maana hali hiyo hushuka. Lakini kwenye baridi yabisi ya mama, kinga ya mwili inaendelea kushambulia utando wa viungo, na mfupa unaliwa kimyakimya. Kumbe tulikuwa tunapepea moshi tu, moto uko palepale!

Baada ya kupimwa damu, ini, figo na kifua, ameanzishiwa methotreksati, dawa ya kutuliza kinga hiyo, mara MOJA kwa wiki, siyo kila siku (alilirudia hilo mara tatu), pamoja na asidi ya foliki (vitamini). Nafuu ilikuja kama wiki ya nane. Diklofenaki imepunguzwa, maana tumbo lilishaanza kumchoma.

Jana amesonga posho (ugali) mwenyewe. Kidole cha kati cha kulia hakijanyooka, na daktari anasema hicho ndiyo basi tena.