Wahimilishaji, tuandikieni namba ya dume! Mnatuharibia kizazi cha ng'ombe

Wakuu, leo salamu baadaye, nimekereka.

Huku kwetu Rungwe ng'ombe wa maziwa ndiye ada ya shule. Ng'ombe anaonekana na joto asubuhi, yaani anataka dume, kwa utaratibu ahimilishwe jioni ileile, yaani mtaalamu amwekee mbegu za dume kwa mrija. Unampigia mtaalamu: "Nipo njiani, mzee." Anatokea kesho yake mchana, joto limeshakata, na hela anadai yote. Asiposhika mimba unasubiri siku 21 nyingine huku unamkatia mabingobingo, na lawama unabebeshwa wewe, eti humpi madini.

Hayo tumeshayazoea. Kilichonipandisha mori ni cha juzi. Mtamba wangu, jike ambaye hajazaa bado, alizaliwa kwa mbegu ya mhimilishaji huyuhuyu. Nikamuuliza, leo unaweka dume gani? "Frizian, mzuri tu." Frizian yupi? Kila mrija umeandikwa ubavuni namba ya dume na aina yake, kazi ni kusoma tu! Nikaomba aniachie mrija mtupu niubandike kwenye daftari. Akauviringisha ndani ya glavu yenye kinyesi, akatupa majanini, akawasha pikipiki.

Nimeufuata na tochi ya simu, nimeuosha, namba ninayo. Ila mbegu iliyomzaa huyo mtamba hakuna aliyeiandika popote. Kwa hiyo mpaka sasa sijui kama nimempandisha binti kwa baba yake mzazi.

Na msiniambie ni jambo dogo. Mtungi mmoja wa naitrojeni, ile ya baridi kali inayotunza mbegu, unazunguka kata nzima na mirija ya madume yaleyale. Ndama wakianza kuzaliwa dhaifu na ng'ombe wakawa hawashiki mimba, mtasema mkulima hajui kulisha. Tumelikimbia dume la kijiji kwa sababu hiyohiyo ya kupandana ndugu kwa ndugu, sasa tunalipia tatizo lilelile likiwa kwenye naitrojeni.

Tena hawaulizi hata umbo la ng'ombe. Mtamba mdogo anawekewa Frizian kama kawaida, siku ya kuzaa watu wanne mnavuta ndama kwa kamba. Ukitaja Jersey, aina yenye ndama wadogo, unaambiwa haipo.

Halmashauri inashindwa nini kumlazimisha kila mhimilishaji aache kadi? Tarehe, namba ya ng'ombe, namba ya dume, sahihi. Asiyeandika asilipwe. Mimi nimeshawaambia majirani zangu, mrija haupo, hela haipo.

Kama wilaya yenu wanaandika kadi, itajeni hapa na mseme mliwabanaje.