Chunusi zimegoma mwaka wa pili: dawa za famasi au daktari wa ngozi?

BintiPangani: Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu wa kike, miaka 23, ana chunusi za mashavuni na kidevuni, mwaka wa pili huu. Nyingine zina usaha, nyingine ni vinundu vya ndani vinavyouma akivigusa tu, na zikikauka zinaacha madoa meusi. Kwenye paji la uso ana vipele vidogo vinavyowasha. Ameshatumia sabuni ya salfa, limao na asali, antibayotiki ya siku saba, na krimu ya tyubu kutoka duka la dawa. Hiyo krimu ilizikausha ndani ya wiki. Alipoiacha zikarudi maradufu. Aendelee na za dukani au twende hospitali? Yupo Tanga.

Mfamasia_wa_Zamu: Dada, anza na hiyo tyubu. Soma viambato. Ukikuta klobetasoli, betamethasoni au mometasoni, hiyo ni steroidi. Inashusha uvimbe haraka, ndiyo maana watu huisifia, lakini inakondesha ngozi na kuzalisha vipele vyake yenyewe. Akiiacha, uso unalipuka, anairudia, basi mzunguko hauishi. Nusu ya "chunusi sugu" zinazoletwa kaunta zina tyubu ya namna hii nyuma yake, huo ndio mtazamo wangu. Kama amepaka kwa miezi, daktari ampangie namna ya kuipunguza.

Limao aache leo. Linaunguza ngozi, jua linamalizia, doa linakuwa jeusi zaidi. Dawa ya meno vilevile. Na aangalie mafuta ya nywele yanayoshukia pajini, hasa akiwa amesuka.

Cha nyumbani chenye nguvu ni vitu viwili. Usiku anawe kwa sabuni laini isiyo na manukato, asisugue, asubiri ngozi ikauke kabisa, kisha apake dawa ya adapalini 0.1% kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima. Si kudonoa chunusi mojamoja: dawa hii inazuia vinyweleo vinavyoanza kuziba, na hivyo havionekani bado. Wiki mbili za mwanzo usiku mmoja apake, unaofuata apumzike. Asipake pembeni ya macho, puani wala kwenye kona za mdomo, huko ndiko kunakobabuka kwanza. Akiwa mjamzito au anatafuta mimba, asiitumie.

Asubuhi apake benzoili peroksaidi 2.5%, dawa inayoua bakteria wa chunusi, halafu krimu ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi. Benzoili asinunue ya 10% akidhani ndiyo kali: inababua zaidi, faida ya ziada hakuna. Atumie taulo na foronya nyeupe, maana inapausha nguo za rangi.

Wiki za kwanza chunusi zinaweza kuongezeka. Wengi wanaacha hapo. Ahukumu baada ya wiki 12.

Kliniki_ya_Ngozi: Nakubaliana na mfamasia, ila kwa vinundu vya ndani msisubiri hizo wiki 12. Vinaacha makovu ya mashimo, na kovu ni gumu kutibu kuliko chunusi. Aanze dawa za kupaka huku mkitafuta miadi.

Vipele vya pajini vinavyowasha, kama vyote vina ukubwa mmoja, huenda si chunusi bali fangasi wa vinyweleo, ambao antibayotiki huwachochea. Daktari akithibitisha, shampuu ya ketokonazoli 2% hupakwa hapo, huachwa dakika tano, kisha huoshwa.

Antibayotiki ya siku saba haitibu chunusi, inafundisha bakteria usugu tu. Kawaida ni doksisiklini mg 100 kwa siku, hadi miezi mitatu, daima pamoja na benzoili peroksaidi. Anywe na glasi nzima ya maji akiwa ameketi, asilale nusu saa, la sivyo inachoma koo la chakula. Vidonge vya madini ya chuma na dawa za kiungulia avitenganishe nayo kwa saa kadhaa, vinazuia isifyonzwe. Mjamzito hapewi.

Mwulizeni pia: zinazidi kabla ya hedhi? Hedhi inaruka? Ameota ndevu? Ana kijiti au sindano ya uzazi wa mpango? Njia zenye homoni ya projestini peke yake huzidisha chunusi kwa baadhi ya wanawake, na kuna njia nyingine za kubadilishia. Kama homoni ndiyo chanzo, spironolaktoni, kidonge kinachozuia homoni za kiume, mg 50 hadi 100 kwa siku inaweza kufaa.

Dawa zote zikigoma, ipo isotretinoini, dawa kali ya kumeza, mg 0.5 hadi 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 ni mg 30 hadi 60, kwa miezi, pamoja na chakula chenye mafuta. Inalemaza mimba vibaya sana. Hivyo kipimo cha mimba kwanza, na uzazi wa mpango kuanzia mwezi mmoja kabla hadi mwezi mmoja baada. Ini na mafuta ya damu hupimwa. Haichanganywi na doksisiklini, shinikizo ndani ya fuvu linaweza kupanda. Msiinunue kwa mtu wa mtandaoni.

BintiPangani: Asanteni sana. Tyubu nimeitazama, ni betamethasoni kweli, ameipaka miezi minne. Na madoa je? Saluni wanamwambia akachubuliwe kwa asidi.

Kliniki_ya_Ngozi: Saluni hapana. Kuchubua kwa asidi kunafaa kwa mikono iliyofunzwa, chunusi zikishatulia. Kwenye ngozi yetu kukizidi kunaacha weusi mpya. Asidi ya azelaiki 20% inatibu chunusi na doa kwa pamoja, hata kwa mjamzito. Mkorogo asiguse, mwingi una steroidi, haidrokwinoni au zebaki.

Miezi minne ya betamethasoni usoni inatosha kumpeleka wiki hii. Ulizeni hospitali ya Bombo hapo Tanga kama kuna kliniki ya ngozi na siku zake. Kama hakuna, hospitali ya KCMC Moshi wana kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi. Abebe tyubu na vidonge vyote alivyotumia, tarehe ya hedhi ya mwisho, na aende bila vipodozi.