Mtoto akiuliza "sisi tulitoka wapi?", tumjibu nini?

Mama wa Kikuyu Kusini
Wadau wa Dodoma, naomba msaada. Binti yangu wa darasa la nne kaja na kazi ya nyumbani: watu wa Tanzania walitoka wapi? Bibi yake kamwambia Wagogo tupo tangu Mungu ayapange mawe ya Dodoma. Kaka yake wa kidato cha pili kadakia kwamba Wabantu wote chimbuko lao ni upande wa Kameruni na Nigeria. Mtoto kalia: "Kumbe sisi wageni?" Miaka 10 aambiwe yote, au asubiri akue?

Mtu wa Kisasa
Mwambie ukweli. Wote tulikuja, tumezidiana kuwahi tu. Wagogo wenyewe ni mchanganyiko, zipo koo zinazotaja asili ya Uhehe na Unyamwezi. Kwa hiyo hakuna Mgogo wa kumwita mwenzake mgeni hapa mjini.

Mjukuu wa Ihumwa
Nani kakuita mgeni? Mama kauliza kazi ya mtoto, wewe umeleta dukuduku lako. Mlikuja 2016 na mafaili ya serikali mkatukuta tunalima uwele na mtama. Leo kiwanja Ihumwa kinauzwa bei ambayo aliyekuwa mwenye shamba hawezi hata kuitaja. Babu yangu kazikwa pale kabla makao makuu hayajatangazwa 1973.

Mtu wa Kisasa
Sikuja 2016! Nimezaliwa hapa, baba alikuwa mtu wa reli. Mwaka wa 41 huu.

Mjukuu wa Ihumwa
Miaka 41, na ukisalimiwa kwa Kigogo "mbukwa" unajibu "poa".

Msandawe wa Chemba
Mnagombania kigoda wakati mwenye nyumba amesimama mlangoni. Sisi tuliwinda nchi hii lugha zenu hazijafika. Mama, mpeleke binti Kolo, Kondoa, aone michoro ya mapangoni. Imo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006. Pale hutahitaji kumweleza sana.

Abiria wa Treni
Na Wahindi je? Si Mjerumani aliwaleta kujenga reli?

Mwalimu Mstaafu
Hapana, mwanangu. Walioletwa kwa maelfu ni wa reli ya Mwingereza kutoka Mombasa, iliyoanza 1896. Reli yetu ya kati ilianzia Dar es Salaam 1905, na waliochimba na kubeba mataruma ni Waafrika zaidi, Wanyamwezi wakiwa wengi. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwapo Unguja na pwani kabla ya Mjerumani.
Mama, mimi wanafunzi wangu nilikuwa nawaanzishia na Wapolandi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakimbizi kutoka Poland waliwekwa Tengeru, na kambi nyingine ilikuwa hapa hapa Kondoa. Mtoto akisikia Mzungu naye alikimbia kwao akapewa hifadhi Kondoa, neno "mkimbizi" halimtishi tena.

Mjukuu wa Ihumwa
Shikamoo mwalimu. Lakini hao waliondoka. Shida yangu si mtu kuja, ni kuja na kukalia shamba.

Mzaliwa wa Ulyankulu
Nimesoma kimya, nimeshindwa. Wazazi wangu walivuka kutoka Burundi 1972 wakikimbia mauaji. Mimi nimezaliwa Ulyankulu. Mwaka 2014 watu zaidi ya 160,000 wa makazi yetu, Katumba na Mishamo tulithibitishiwa uraia. Mwanangu hapa Nkuhungu akikosa penalti anaitwa Mrundi. Akifunga, ni Mtanzania. Niambieni basi, ni baada ya miaka mingapi?

Mjukuu wa Ihumwa
Pole, ndugu yangu. Wewe sikukusema. Nilimsema huyu wa Kisasa.

Mtu wa Kisasa
Kwa hiyo mimi wa hapa hapa ndiye mgeni?

Mjukuu wa Ihumwa
Kiwanja chako kilikuwa shamba la nani?

Mtu wa Kisasa
Kina hati.

Mjukuu wa Ihumwa
Sikuuliza hati.

Mama wa Kikuyu Kusini
Jamani, daftari linatakiwa kesho asubuhi! Nimemsomea bibi haya yote, kanyamaza kitambo, kisha kasema bibi yake yeye alitoka Uhehe na mbuzi wawili, akaolewa Mvumi. Mtoto kafuta machozi, kaandika hivyo hivyo na mbuzi kawachora.

Mjukuu wa Ihumwa
Mvumi ipi, Misheni au Makulu? Na aliolewa ukoo gani?