Mchoro wa maua kwa gwashi: viungio vinaonekana

Swali: Wakuu, nachora maua kwa gwashi (rangi ya maji isiyopitisha mwanga) kwa ajili ya mji wa kanga, yaani sehemu yake ya katikati. Nikirudia mchoro ubavuni mwa mwingine, panabaki njia nyeupe kati ya maua. Nakosea wapi?

Jibu: Anza na penseli. Karatasi ya sm 30 kwa 30, maua makubwa katikati, yasiguse kingo. Kata wima katikati, badilisha vipande nafasi, cha kushoto kiwe kulia, bandika kwa nyuma. Kisha kata mlalo, fanya vilevile. Kingo za zamani sasa zimekutana katikati. Hapo ndipo pa kujaza majani na vikonyo, vivuke kiungio. Kingo mpya usiziguse kabisa! Ndipo unakili na kupaka rangi.

Jibu: Naongezea la rangi. Changanya ya kutosha mapema, uifunike. Gwashi ikikauka, rangi iliyopauka hukoza na iliyokoza hupauka, hivyo ukichanganya upya njiani hupati ileile; jaribu kwenye kipande, kikauke kwanza. Maji mengi huacha michirizi, rangi nzito mno hupasuka. Rangi nne zinatosha, maana kwenye uchapaji kila moja hudai skrini yake (fremu ya wavu ya kupitishia rangi).

Muulizaji: Shukrani. Na pindo?

Jibu: Karatasi yake peke yake, na anzia kona. Ukianza na upande ulionyooka, ua hukatika vibaya kwenye kona.