Gome la mzee wangu kwa uvimbe wa titi: nalipima wapi hapa Dar?

Mtoto wa Handeni:
Wakuu, habari za jioni. Mzee wangu ni mganga wa tiba asili Handeni, mimi nauza vipuri Gerezani. Ana gome la mti analochemsha na kuwapa kina mama wenye uvimbe wa titi, na wapo wanaosema wamepona. Nasikia maabara wanaweza kuzimwagia dawa seli za saratani waone kama zinakufa. Naanzia wapi? Na zikifa, naruhusiwa kufungasha na kuuza? Ninalo la unga, kama nusu kilo. Jina la mti silitaji hapa, mnanielewa.

Kijiweni:
Kikombe cha dawa cha Babu wa Loliondo 2011 kilikuwa shilingi 500. Wewe utauza ngapi mkuu? 😂 Nafuatilia.

Pipeti:
Mkuu, niko maabara na kazi yangu ni hiyo hiyo ya mimea. Huo unga uache nyumbani, hauna jina. Leta tawi lenye majani, na maua au matunda kama msimu upo, ulikaushe katikati ya magazeti ili wataalamu wa mimea pale Chuo Kikuu, Mlimani, walitambue. Watu wanaleta "mti ule ule" kutoka vijiji viwili, kumbe ni miti miwili.

Ukishapata jina, nenda Taasisi ya Tiba Asili, Muhimbili. Walianza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974. Siri ya mzee iwekeeni mkataba wa maandishi kwanza.

Kipimo cha kuanzia mara nyingi si seli. Tunatotolesha mayai ya uduvi wadogo wa maji chumvi, wanakuwa vidoa vinavyoifuata taa. Tunawagawa kumi kumi kwenye vichupa vyenye dawa ya viwango tofauti, kesho yake tunahesabu waliobaki hai. Shingo inauma kweli kweli. Kinakuonyesha sumu tu, saratani bado.

Halafu ndiyo seli. Zinazotumika sana ni za saratani ya titi ziitwazo MCF-7, zilizotoka kwa mtawa mmoja wa Marekani mwaka 1970 na mpaka leo zinazaliana. Hizo hukua kwa estrojeni, homoni ya kike. Kuna MDA-MB-231 zisizo na kipokezi cha estrojeni, na dawa inayoua hizi huenda isiguse zile. Seli zinakaa kwenye sahani ya vishimo 96, unatia dawa, siku mbili tatu baadaye unatia rangi ya njano, na zilizo hai huigeuza zambarau. Hapo ndipo magome yanapotuzungusha. Yana tanini nyingi, inayong'ang'ania protini yoyote, ya saratani na isiyo ya saratani. Mengine yanageuza rangi kuwa zambarau hata pasipo na seli, ndiyo maana lazima kuwe na vishimo vyenye dawa peke yake.

Zikifa? Hata jiki inaziua. Tunachotafuta ni dawa inayoua za saratani kwa kiwango kidogo huku seli za kawaida zikisalimika. Kwa dawa ghafi ya mmea, ikiua nusu ya seli kwa chini ya mikrogramu 20 au 30 kwa mililita, tunaitana kuangalia. Ikipita 100 tunafunga daftari.

Baada ya hapo kuna kutenganisha kemikali, panya, kisha binadamu. Paklitakseli, dawa ya saratani ya hospitali, nayo ilianzia kwenye gome: lilikusanywa Marekani 1962, muundo wa dawa ukajulikana 1971, ikaruhusiwa kwa saratani ya titi 1994.

Mama Tunu:
Nilipokuwa kwenye dripu ya hiyo paklitakseli, jirani aliniletea majani ya mstafeli nichemshe. Nikamuuliza daktari, akakataa. Nilimwona mkali bure.

Pipeti:
Hakuwa mkali, mama. Ini linalovunja paklitakseli ndilo hilo hilo linaloshughulika na majani yako, kwa hiyo dawa inaweza kuzidi au kupungua mwilini. Na stafeli ina kemikali zinazoua seli kweli, ila zinaua na za neva. Kule Guadeloupe watafiti waliihusisha na ugonjwa unaofanana na Parkinson.

Mtoto wa Handeni:
Nimekupata. Kwa hiyo kuuza bado?

Pipeti:
Bado kabisa. Dawa ya asili inasajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, sheria ipo tangu 2002. Ila nikuulize: hao kina mama waliopona, nani alithibitisha kuwa ni saratani? Walikatwa kipande kidogo cha uvimbe kikapimwa maabara? Uvimbe mwingi wa titi si saratani, na mwingine hupotea wenyewe hata bila gome.

Mtoto wa Handeni:
Hapana, mzee anashika kwa mkono tu. Mmoja ni mama mdogo, yuko Mbagala. Anasema umepungua ila bado upo.

Pipeti:
Bado upo? Basi achana na tawi kwa sasa. Kesho asubuhi mpeleke hospitali apimwe, kama ana kadi ya bima aibebe. Daktari aambiwe kila alichokunywa, na kwa muda gani.