Amonia imefika sifuri lakini naitraiti haishuki: je, tangi la maji chumvi liko tayari kupokea samaki?

Mkazi wa Njiro:
Habari zenu wafugaji wenzangu. Hapa Arusha nina tangi la lita 200 nililolijaza maji ya mvua na kuyachanganya na chumvi maalumu ya matangi ya bahari, jumla ya kilo 7, hadi kipimo cha chumvi kikasoma 1.025. Ndani kuna mchanga na mawe makavu. Siku ya kwanza nilitumbukiza kamba mbichi mmoja aliyefungwa ndani ya kipande cha soksi ya nailoni, ili aoze na kutoa amonia ya kulisha bakteria wanaosafisha maji. Amonia ilipanda hadi miligramu 4 kwa lita, ikaanza kushuka, na siku ya 15 ikasoma sifuri. Leo ni siku ya 24, lakini naitraiti, sumu inayotokana na amonia hiyo, imegoma: kwa siku tisa rangi ya kipimo imebaki zambarau ileile ya naitraiti nyingi. Aliyeniuzia tangi alisema siku tatu zingetosha, na sasa ananipigia kila asubuhi kunikumbusha kwamba samaki wangu wawili wadogo, wale wa rangi ya machungwa wenye milia myeupe, wako tayari kupakiwa kwenye basi kutoka Dar es Salaam. Je, niwapokee? Niongeze kwamba hita ninaizima saa nne usiku na kuiwasha saa kumi na mbili asubuhi ili kuokoa uniti za LUKU.

Mama wa Soweto, Moshi:
Ndugu yangu, usiwapokee. Kazi iliyokwisha ni nusu tu. Kuna makundi mawili ya bakteria yanayojijenga juu ya mawe, mchanga na chujio: la kwanza hula amonia na kuacha naitraiti, la pili hula naitraiti na kuacha naitreti, ambayo madhara yake ni madogo na huondolewa kwa kubadilisha maji. Kundi hilo la pili huzaliana polepole zaidi, ndiyo maana tangi jipya huchukua wiki nne hadi sita hata pale kila kitu kinapokwenda sawa. Sisemi kwamba samaki hao wangekufa usiku wa leo. Katika maji ya bahari kloraidi hupunguza naitraiti inayopenya kwenye matamvua, kwa hiyo haiwaumizi upesi kama samaki wa maji yasiyo na chumvi. Ninachosema ni kwamba tangi lako halijathibitisha kuwa linaweza kumaliza uchafu wao.

Kinachonitia shaka zaidi ni hita. Kesho, kabla ya kuiwasha, tafadhali soma kipimajoto.

Mkazi wa Njiro:
Nimesoma leo saa kumi na mbili asubuhi: nyuzi 19. Kwa kweli sikutarajia, kwani mchana huwa 26.

Mama wa Soweto, Moshi:
Basi jibu ndilo hilo. Bakteria hao hufanya kazi vizuri karibu na nyuzi 26 na kuendelea, na unapowapoza kila usiku wa Julai unawarudisha nyuma kila siku. Kama hita yako ni ya wati 200, hata ikiwaka mfululizo kwa saa nane haitakula zaidi ya uniti 1.6. Iache iwake.

Msakina:
Ninaunga mkono, ila nina mawili ya kuongeza. La kwanza ni hewa. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu hushika oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko yale ya Tanga, na bakteria hawa wanaihitaji sana. Elekeza pampu ili uso wa maji uchezecheze. Wakiikosa hufa: mwaka jana umeme ulikatika kwangu kuanzia asubuhi hadi magharibi, nami uliporudi nikawasha chujio langu la kopo lililofungwa bila kulifungua kwanza. Maji yaliyotoka yalinuka kama mayai viza, na amonia ikapanda upya. Siku hizi ninalimwaga na kulisuuza kwa maji ya tangi kabla ya kuliwasha.

La pili, usipime utayari kwa kalenda. Tia amonia ya chupa isiyo na sabuni wala manukato hadi isome miligramu 2 kwa lita, kisha upime baada ya saa 24. Amonia na naitraiti zote zikisoma sifuri, badilisha nusu ya maji na uwaite samaki wako. Umefanya vyema pia kutumia maji ya mvua, kwa kuwa klorini ya bomba huua bakteria, na visima vingi vya chini ya Mlima Meru vina floraidi nyingi kuliko bahari yenyewe, ambayo ina takriban miligramu 1.3 kwa lita. Meno yetu yaliyobadilika rangi ni mashahidi.

Mkazi wa Njiro:
Nashukuru, mama, nawe Msakina. Leo ni siku ya 35, hita haijazimwa tangu siku ile, na jana nilitia amonia kama mlivyoelekeza. Asubuhi hii amonia ni sifuri, na kipimo cha naitraiti kimetoka zambarau hadi samawati, rangi ya sifuri, ila iliyobakiwa na wekundu kidogo sana, kwa hiyo nitarudia jaribio Jumamosi. Kioo kimeota utando wa kahawia ambao nadhani ni mwani wa mwanzo. Muuzaji amekubali kuwahifadhi samaki, kwa sharti kwamba chakula chao nikilipie mimi.